Visukuku na Umri wa Chokaa, Kutoka Ziwa Kivu hadi Aktiki

Mawe mawili ya chokaa yanaweza kufanana kwa rangi, kwa ugumu na kwa kemia, na bado umri wao ukapishana kwa mamilioni ya miaka. Pwani ya Kenya inalionyesha hilo wazi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojijenga baharini katika vipindi vya joto kati ya enzi za barafu, jambo la jana kwa kalenda ya miamba. Bara kidogo, upande wa Kambe, kuna chokaa nyingine ya bahari iliyotandazwa katika Jurasiki ya kati, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Zote mbili hutoa povu zikidondoshewa asidi, na zote mbili zinafaa tanuri la chokaa. Kinachozitenganisha ni viumbe waliozikwa ndani yake.

Kazi ya kuthibitisha kwamba tabaka la mahali pamoja lilitandazwa wakati uleule na tabaka la mahali pengine huitwa ulinganishaji wa matabaka. Msingi wake wa kwanza uliandikwa na Nicolas Steno mwaka 1669: pale ambapo ardhi haijapinduliwa, tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu yake. Kanuni hiyo hutoa mfuatano wa shimo moja tu. Aliyeunganisha mashimo ni William Smith, mpimaji wa mifereji Uingereza, ambaye aligundua kwamba kila tabaka lina kundi lake la visukuku, na kwamba makundi hayo hufuatana kwa utaratibu uleule kutoka wilaya moja hadi nyingine. Ramani yake ya miamba ilichapwa mwaka 1815. Katika miaka ya 1850 Albert Oppel wa Ujerumani aligawa Jurasiki katika kanda nyembamba, kila ukanda ukitambulika kwa spishi zinazokutana humo na kutokutana kwingine, bila kujali kama jiwe lenyewe ni chokaa, udongo au mchanga.

Kanuni ya Smith inafanya kazi kwa sababu uhai hauna marudio. Chokaa inaweza kutengenezwa tena leo kwa njia ileile iliyotumika miaka milioni 300 iliyopita, lakini spishi huzuka mara moja na ikishatoweka hairudi. Vitabu hutaja sifa kadhaa za kisukuku kinachofaa kazi hii: kiwe kingi, kitambulike kwa urahisi, spishi yake iwe imedumu muda mfupi, na iwe imeenea mbali. Kati ya hizo, kuenea mbali ndiyo sifa yenye uzito kuliko zote. Kiumbe kisichoweza kuvuka kizingiti cha maji kinaweza kueleza historia ya dimbwi lake kwa ufasaha mkubwa, na kisiseme lolote kuhusu dimbwi la jirani. Afrika Mashariki ina ngazi zote za umbali huo, kuanzia ziwa lililofungwa hadi bahari kuu, na ngazi ya chini kabisa iko mbele ya Gisenyi, katika Ziwa Kivu, Rwanda.

Rwanda haina chokaa ya bahari yenye makombe. Miamba ya msingi ya magharibi ya nchi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, imepikwa na kukunjwa, na iliwekwa kabla ya wanyama wenye magamba magumu kutokea duniani. Chokaa inayolisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA, Bugarama, ilitokana na chemchemi za maji moto za Mashyuza: maji yaliyobeba kalisi yalipofika juu na kupoteza gesi yake, yaliacha jiwe. Chemchemi za jamii hiyo ziko pia Nyamyumba, kando ya ziwa kusini mwa mji wa Gisenyi. Jiwe la namna hii halifuati enzi yoyote. Hutokea popote penye ufa wa ardhi na maji ya moto, na hukoma maji yanapokoma.

Chini ya Ziwa Kivu lenyewe ndipo penye kumbukumbu ya kusomeka. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni mita 485. Chini ya mita sitini au sabini hivi hakuna oksijeni, hivyo hakuna mnyama anayefukua matope, na vitabaka vyembamba vinabaki kama vilivyotua. Mwaka 1971 na 1972 msafara wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani, ukiongozwa na Egon Degens, ulitoa nguzo za mashapo kwa mabomba yaliyozamishwa katika sakafu ya ziwa. Ndani yake mlikuwa na matope meusi yenye mabaki ya viumbe, maganda ya silika ya mwani wa daiatomu, majivu ya volkano, na vitabaka vyeupe vya kaboneti. Baadhi ya kaboneti hiyo ni monohaidrokalsaiti, madini yasiyo ya kawaida ambayo Peter Stoffers na mwenzake waliyaripoti kutoka Kivu mwaka 1974.

Daiatomu za Kivu zinabadilika waziwazi kadiri nguzo inavyopanda kutoka chini. Katika matabaka ya mwanzo wa Holosini jenasi ya Stephanodiscus ina nafasi kubwa. Juu yake Nitzschia inatawala. Mtu aliyezoea kanda za Oppel angevutiwa kuweka mpaka hapo na kuutafuta katika maziwa ya Tanganyika, Edward na Albert. Kufanya hivyo ni kosa. Peter Kilham, Susan Kilham na Robert Hecky walieleza mwaka 1986 jinsi daiatomu za maziwa ya Afrika zinavyogawana mahali kwa uwiano wa silika na fosforasi majini: Stephanodiscus hushinda penye fosforasi nyingi kwa kila kipimo cha silika, na aina nyingine hushinda uwiano ukigeuka. Hakuna spishi iliyozuka wala kutoweka duniani pale Kivu. Maji yalibadilika, na wakazi wakabadilishana zamu. Maji hayohayo yakirudi, Stephanodiscus inaweza kurudi.

Kwa hiyo daiatomu za Kivu zinaweza kuunganisha nguzo iliyotolewa mbele ya Gisenyi na nyingine iliyotolewa mbele ya Kibuye, kwa kuwa maji ya bonde kuu ni mamoja, lakini uwezo huo unaishia kwenye ukingo wa ziwa. Hata ndani ya ziwa kuna mahali pa kujihadhari. Ghuba ya Kabuno, upande wa kaskazini-magharibi, imetengwa na bonde kuu kwa kizingiti cha kina kifupi na ina kemia yake yenyewe. Kitabaka cheupe cha Kabuno hakiwezi kuhesabiwa kuwa ndugu wa kitabaka cheupe cha bonde kuu kwa sababu ya weupe wake.

Saa ya kaboni-14, ambayo katika maziwa mengi ingemaliza ubishi, huku ina kasoro. Gesi ya kaboni iliyoyeyuka katika maji ya kina ya Kivu imetoka kwa sehemu kubwa chini ya volkano, na kaboni ya volkano imekwisha poteza kaboni-14 yake yote. Kiumbe au madini yaliyojengwa kwa kaboni hiyo huonekana kongwe kuliko yalivyo. Ndiyo maana vipande vya mimea ya nchi kavu, iliyokula hewa ya angani, vina thamani kubwa vinapopatikana ndani ya mashapo, na ndiyo maana vitabaka vya majivu vina thamani kubwa zaidi. Majivu hutua katika siku chache juu ya ziwa lote, penye kina na penye maji mafupi, na kila mlipuko huacha muhuri wake wa kemia.

Kivu pia imeacha alama nje ya mipaka yake, lakini kwa njia ya chumvi. Zamani bonde hili lilimwaga maji kaskazini, kuelekea Ziwa Edward na Nile, hadi milima ya Virunga ilipofunga njia. Maji yalipanda nyuma ya kizuizi hicho, na miaka elfu kumi hivi iliyopita yakapata mlango wa kusini kupitia mto Rusizi. Tangu hapo Tanganyika ilipokea maji yenye chumvi nyingi za volkano, na mashapo yake yanaonyesha mabadiliko hayo. Kurt Haberyan na Hecky walizisoma nguzo za maziwa yote mawili kwa pamoja mwaka 1987. Huo ni ulinganishaji halali usiotegemea kisukuku: tukio moja, lenye sababu moja, lililoandikwa pande mbili.

Tukio la karibuni zaidi linaonyesha ugumu wa kusoma chokaa ya ziwa kuliko mfano wowote wa vitabuni. Natacha Pasche na wenzake waliripoti mwaka 2010 kwamba kaboneti ilianza kutua ghafla katika Kivu mnamo miaka ya 1960, baada ya muda mrefu wa kukosekana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 samaki aitwaye sambaza, Limnothrissa miodon, alikuwa ameletwa kutoka Tanganyika ili kuongeza chakula cha watu, na alipozaliana alibadilisha wadudu wadogo wa majini na kwa njia hiyo mwani. Katika miongo hiyohiyo idadi ya watu kwenye vilima iliongezeka, rutuba zaidi ikateremka ziwani, na mvua kubwa za miaka ya 1960 zikaongeza nguvu ya chemchemi za chini ya maji. Sababu zote tatu zimepimwa na kujadiliwa. Mvuvi wa Gisenyi anayetega sambaza usiku kwa taa anavua samaki ambaye huenda ana sehemu katika kuzaliwa kwa tabaka la chokaa. Tabaka hilo ni la Kivu peke yake. Hakuna tabaka kama hilo la kulitafuta Edward.

Ngazi inayofuata ni makombe ya maji baridi. Kandokando ya Ziwa Albert, Uganda, E. J. Wayland alikusanya visukuku huko Kaiso kuanzia 1920, na matabaka yenye makombe yakafuatwa hadi bonde la Semliki na Ishango upande wa Kongo. William Adam wa Ubelgiji aliyaeleza makombe ya upande wa Kongo, na baadaye Dirk Van Damme na Martin Pickford waliwapanga konokono wa bonde hilo katika mfuatano wa spishi zilizozuka na kutoweka. Kwa kuwa maziwa ya kale ya bonde hilo yaliungana mara kwa mara, mfuatano wao unaweza kuvuka kutoka kingo za Uganda hadi za Kongo. Ila konokono huja na ubishi wake. Peter Williamson alipochapisha mwaka 1981 makombe ya Ziwa Turkana, Kenya, yaliyobadilika umbo kwa ghafla, wengine waliona spishi mpya, na wengine wakaona wanyama walewale walioathiriwa na maji yaliyopungua na kuchachuka. Kama maelezo ya pili ni sahihi, umbo hilo linaweza kujitokeza tena ziwa likikauka tena, na tabaka lenye umbo hilo halina tarehe.

Mnyama wa nchi kavu huvuka vizuizi ambavyo konokono hawezi, na hapo visukuku vya Turkana vilipata ushindi mkubwa. Tabaka la majivu la KBS, mashariki ya ziwa hilo, lilipewa umri wa miaka milioni 2.6 na maabara ya Uingereza kwa njia ya potasiamu na agoni. Umri huo uliongeza uzito wa fuvu la jamii ya binadamu namba 1470, lililopatikana na Bernard Ngeneo mwaka 1972 chini ya majivu hayo. Basil Cooke, aliyejua meno ya nguruwe wa kale kuliko mtu yeyote wa wakati wake, hakukubali. Magego ya nguruwe yaliyokuwa yakirefuka hatua kwa hatua katika bonde la Omo, Ethiopia, yalionyesha kwamba hatua iliyopatikana karibu na majivu ya KBS ililingana na matabaka ya Omo yenye umri wa miaka milioni mbili hivi. Nguruwe hao walikuwa wakitembea pande zote mbili za mpaka wa leo. Vipimo vipya vya Garniss Curtis mwaka 1975, na baadaye vya Ian McDougall, vilishusha umri wa majivu hadi miaka milioni 1.9 hivi. Meno yalikuwa yamesema kweli kabla ya mashine, na jambo hilo linastahili kukumbukwa kila visukuku vinapodharauliwa mbele ya vipimo vya maabara.

Kutoka hapo majivu yalifungua mlango wa bahari. Frank Brown na Thure Cerling walichukua muhuri wa kemia wa kila tabaka la majivu la Turkana, na tabaka la Tulu Bor likatambuliwa kuwa ndilo Sidi Hakoma la Hadar, Ethiopia, lenye umri wa miaka milioni 3.4 hivi. Majivu ya milipuko hiyo yalipatikana pia katika mashapo ya Ghuba ya Aden, kama ilivyochapishwa mwaka 1985. Katika mashapo ya bahari majivu hayo yamelala pamoja na vijimea vyenye magamba ya chokaa ambavyo kalenda yake inajulikana dunia nzima. Tabaka la ziwa la bara, lisilo na kiumbe hata kimoja cha bahari, likapata tarehe katika kalenda ya bahari kwa kupitia vumbi.

Baharini kwenyewe umbali unaongezeka. Huko Tendaguru, mkoa wa Lindi, matabaka yenye mifupa ya dinosaria yanapishana na matabaka ya bahari. Msafara wa makumbusho ya Berlin wa 1909 hadi 1913, ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig na kusimamiwa uwanjani na Boheti bin Amrani, ulikusanya mifupa na makombe kwa pamoja. Mifupa peke yake ingeacha umri wa dinosaria hao katika mashaka. Makombe na amonaiti (jamaa wa ngisi wenye magamba yaliyojisokota) wa matabaka ya kati ndio walioweka sehemu kubwa ya Tendaguru mwishoni mwa Jurasiki. Mmoja wao, kombe lenye mbavu nene lililoitwa Trigonia smeei, lilikwisha kufahamika kutoka Kutch, India. Leo Kutch na Lindi zimetenganishwa na bahari kuu, lakini wakati kombe hilo lilipokuwa hai zilikuwa kingo za bahari moja changa. Kombe la sakafuni, linalosafiri likiwa kiluwiluwi tu, lilitosha kuunganisha kingo hizo. Ulaya ya kaskazini ingekuwa mbali mno nalo.

Viumbe vinavyoelea ndivyo vinavyofika kila mahali, na kwa hao Kilwa ina matabaka yenye sifa ya kimataifa. Mradi wa uchorongaji Tanzania, ulioongozwa na Paul Pearson kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli, ulitoa nguzo za udongo wa mfinyanzi wenye foraminifera, viumbe wa seli moja wenye maganda, waliohifadhiwa kiasi kwamba maganda yao bado yanang'aa kama kioo. Udongo mzito usiopitisha maji uliyalinda kwa zaidi ya miaka milioni 33. Nguzo mbili kati ya hizo zinavuka mpaka wa Eosini na Oligosini bila pengo. Mpaka huo duniani umefungwa kwenye tukio moja: kutoweka kwa Hantkenina, foraminifera mwenye miiba aliyeishi katika bahari zote za joto, na jiwe la rejea liko Massignano, Italia. Huko Kilwa Turborotalia inatoweka kwanza, kisha Hantkenina, na isotopu za oksijeni zinaonyesha bahari ikipoa huku barafu ya Antaktika ikijijenga.

Kilichofanya Kilwa kuwa ya pekee kwa swali la chokaa ni vitabaka vya mawe vilivyomo ndani ya udongo huo. Maporomoko ya chini ya bahari yaliteremsha kutoka maji mafupi mchanga wa maganda makubwa ya Nummulites na Discocyclina, wajenzi wakuu wa chokaa ya Eosini kutoka Misri hadi Indonesia. Wakazi hao wa sakafu yenye mwanga hawakutani kwa kawaida na viumbe vya bahari ya kina, na kwa sababu hiyo kalenda ya chokaa ya maji mafupi na kalenda ya udongo wa kina zilikuwa zimeandikwa mbalimbali, kila moja kwa namba zake. Kilwa zimelala katika nguzo moja. Laura Cotton na Pearson walionyesha mwaka 2011 kwamba baadhi ya wajenzi wakubwa wa chokaa walitoweka karibu sana na wakati wa Hantkenina. Tangu hapo tabaka la chokaa lisilo na hata ganda moja la Hantkenina, mahali popote penye viumbe hao wakubwa, linaweza kufungwa kwenye mpaka uleule. Hatari moja haina budi kuangaliwa: poromoko linaweza kubeba maganda ya zamani na kuyazika katika udongo mpya, hivyo kuonekana kwa mara ya mwisho kunahitaji kusomwa pamoja na hali ya ganda lenyewe, kama ni zima au limesagika.

Aktiki inaweka kipimo cha mwisho kwa njia hii yote. Chokaa nyingi za Svalbard ni za Kaboniferasi na Pemiani, wakati visiwa hivyo vilipokuwa katika latitudo za chini zenye bahari ya joto. Ndani yake wamo foraminifera wa kundi la fusulinidi, wenye umbo la punje ya ngano, na konodonti, vijimeno vya mnyama laini aliyefanana na mkunga. Vijimeno hivyo ni vya fosfati, kwa hiyo mtaalamu huyeyusha kilo kadhaa za chokaa katika asidi hafifu na kuvikusanya vikiwa havijadhurika. Jina konodonti lilitolewa na Christian Pander mwaka 1856, lakini mwili wa mwenye meno haukujulikana hadi 1983, ulipotangazwa kutoka Uskochi. Zaidi ya karne nzima matabaka yalilinganishwa kwa kiumbe kisichojulikana sura yake, na ulinganisho ukasimama, kwa sababu kilichohitajika ni mfuatano na upana wa kuenea.

Kuanzia Jurasiki ya kati mambo yakawa magumu. Amonaiti wa bahari za kaskazini na wale wa Tethisi, bahari ya kale ya kusini, waliokuwa na jamaa zao hadi Tendaguru, walijitenga zaidi na zaidi kwa joto la maji na kwa vizuizi vya nchi kavu, hata mwisho wa Jurasiki ukawa na majina mawili: Tithonia kusini, Volgia kaskazini. Kila upande una mfuatano mzuri wa kanda, na spishi za kuziunganisha ni chache mno. Thomas Huxley alikuwa ameonya tangu 1862 kwamba mfuatano unaofanana hauthibitishi wakati mmoja. Hapa hata mfuatano wenyewe haufanani. Mpaka wa Jurasiki na Kretasia ndio mpaka mkubwa uliochelewa kuliko yote kupata jiwe la rejea linalokubalika duniani.

Msaada ulitoka kwenye ugeukaji wa sumaku ya dunia, unaoandikwa ndani ya mashapo ya kila bahari kwa wakati mmoja. Sumaku haina jina: kila kipindi cha kawaida hufanana na kingine, na bila visukuku mtafiti hawezi kujua anasoma kipindi kipi. Katika rasi ya Nordvik, Siberia ya kaskazini, Václav Houša na wenzake walipima sumaku ya udongo wenye amonaiti wa kaskazini, wakatumia amonaiti hao kukadiria wako wapi katika kalenda, kisha wakafuata migeuko ya sumaku hadi matabaka ya chokaa ya Brodno, Slovakia, Bosso, Italia, na Puerto Escaño, Hispania. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007, na yaliwezesha kanda za amonaiti wa Aktiki kuwekwa bega kwa bega na kanda za viumbe vya Tethisi ambavyo havikuwahi kuogelea katika maji ya kaskazini.